msmtp, programu ya kutuma imeili, kwenye laptopu ya mtumba: inatuma, inakupa jibu, inaondoka

Mwezi uliopita nimekosa oda ya tona kumi na mbili za printa kwa sababu ya barua pepe ambayo mi naapa niliituma na mteja anaapa hakuipata, na wote wawili hatudanganyi. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, niko dukani Sinza, nikabonyeza tuma, kale kamstari kakaanza kutembea, umeme huo ukakata, laptopu na ruta zikazima, mi nikajua tayari imeenda, nikafunika laptopu nikakimbilia mwendokasi pale Shekilango maana ukichelewa pale utabaki unaangalia mabasi yaliyojaa yanapita tu. Kesho yake saa nne nampigia mhasibu wa ile ofisi ya Posta, "Habari za asubuhi dada, vipi ile proforma yetu?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Kaka yangu, jana tulikusubiri mpaka tunafunga, tumeshampa mwingine." Nikafungua laptopu. Barua imelala kwenye kisanduku cha zinazosubiri kutumwa, imetulia tuli, haina hata wasiwasi.

Kwa wasioelewa kwa nini nahangaika na imeili dunia ya leo: mi nauza steshenari, fotokopi na vitu vidogo vidogo ndo vya kila siku, ila hela ya kodi ya fremu inatoka kwenye kusaplai maofisini. Mtaani kila kitu ni WhatsApp, hata kadi ya mchango wa harusi siku hizi inakuja WhatsApp, lakini mhasibu wa ofisi anataka proforma ya PDF kwenye imeili ya ofisi, aiprinti, aiweke kwenye faili, mkaguzi akija aikute. Hapo huna ujanja.

Na laptopu yenyewe ni ya mtumba, niliichukua Kariakoo mtaa wa Aggrey, RAM GB 2, dogo mmoja akaniwekea Debian, aina moja ya Linux, kwa sababu Windows ilikuwa inawaka mpaka unamaliza kunywa chai. Nikiweka Thunderbird, ile programu ya imeili, inafunguka, sikatai, na ni programu nzuri kwa mwenye mashine ya maana, ila kwangu ikifunguka yenyewe na LibreOffice pamoja ile feni inalia kama daladala inapandisha mlima. Gmail ya kwenye brauza nayo kila nikiifungua inavuta bando kwanza ndo inipe nafasi ya kuandika. Mi nilikuwa nataka kitu kimoja tu, chukua hili faili, peleka, niambie limefika au halijafika. Jamaa yangu mmoja anayefanya kazi za seva akaniambia, "Mzee, we tafuta msmtp, achana na hayo makubwa."

Basi huu ni mwezi wa kuitumia, na nimeona nisikae kimya.

Kwanza ielewe ni kitu gani maana nimeona watu wanainstoli halafu wanatafuta dirisha lake hawalioni. Halina dirisha. msmtp ni kama bodaboda wa bahasha. Unampa bahasha, anaipeleka kwenye seva ya imeili, anarudi na neno moja la "wamepokea" au "wamekataa", halafu anaondoka zake. Hakuletei barua zinazoingia, hatunzi kopi, hakai nyuma ya pazia anakula RAM akisubiri. Ikimaliza kutuma inajizima. Programu yenyewe haifiki hata MB moja, nimeivuta kwa bando la mia tano na chenji ikabaki. Imeandikwa na Mjerumani anaitwa Martin Lambers, ni ya bure, leseni yake ni GPL inayoruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha, na ukiwa na Mac unaipata kupitia Homebrew, kile chombo cha kuinstolia programu, kwa hiyo hata wenye mashine za bei mbaya hawajasahauliwa.

Kuinstoli ni mstari mmoja, unauandika kwenye ile skrini nyeusi ya amri:

sudo apt install msmtp msmtp-mta

Hiyo ya pili usiiache. Inaifanya msmtp iitikie jina la sendmail, maana programu nyingi za Linux zikitaka kutuma barua zinamtafuta mtu anaitwa sendmail, kwa hiyo ni kama unampa bodaboda wako vesti ya ile kampuni ya zamani ambayo kila mlinzi wa getini anaijua. Wakati wa kuinstoli Debian itakuuliza kuhusu AppArmor, huyo ni mlinzi anayeipangia programu faili gani isome na faili gani isiguse. Mi nilikubali, halafu baadae nikaanza kushangaa mbona logi, lile daftari la kumbukumbu za programu, haiandikiki pale nilipotaka, kumbe ndo yeye. Kama ndo mara ya kwanza kataa tu, utamrudisha ukishazoea.

Sasa kuseti. Kuna faili moja tu, linaitwa .msmtprc, linakaa kwenye folda yako ya nyumbani, unaliandika mwenyewe kwa mkono. La kwangu lilianza hivi:

defaults
auth on
tls on
tls_trust_file /etc/ssl/certs/ca-certificates.crt
logfile ~/.msmtp.log

account gmail
host smtp.gmail.com
port 587
from imeili-yako
user imeili-yako
password paswedi-yako

account default : gmail

Ukiliangalia unaona kabisa ni kitu cha dakika tano. Mi limenichukua Jumamosi nzima na Jumapili nikitoka kanisani, na sio kwamba programu ni mbovu, ni kwamba kila kosa langu lilikuwa na mwenzake nyuma yake linasubiri zamu.

La kwanza, nilijaribu ikakataa kata kata, inasema faili lina siri ndani halafu limeachwa wazi. Yaani haitaki mtu mwingine yeyote kwenye hiyo kompyuta awe na ruhusa ya kulisoma. Hapo nikaipenda ghafla, maana ni mara chache programu inakugombeza kwa faida yako. Unaandika chmod 600 ~/.msmtprc, mambo yanaisha.

La pili, paswedi. Nimeweka paswedi yangu ya Gmail ile ile ya kila siku, seva ikarudisha 535, hatukujui. Nikaiandika tena polepole. 535. Nikaibadilisha kabisa kwenye simu, nikaweka mpya, 535. Karibu nianze kuamini kuna mtu kaniroga. Kumbe Google toka tarehe 30 Mei 2022 walishafunga habari ya programu za nje kuingia kwa paswedi ya kawaida. Unatakiwa uwashe uhakiki wa hatua mbili kwenye akaunti, halafu ndo utengeneze paswedi maalum ya programu, wanakupa herufi 16 zimegawanywa vifungu vinne, hizo ndo unaweka kwenye faili. Uzuri wake ni kwamba laptopu ikiibiwa unaifuta hiyo moja tu na akaunti yako inabaki salama, na kwa Dar hii ambapo laptopu inaweza kutoka dirishani kwenye daladala la Mbagala huku umeishika, hilo sio jambo dogo. Wenye Outlook.com poleni, Microsoft nao walifunga paswedi za kawaida Septemba 2024, huko mpaka upitie njia ya tokeni inayoitwa OAuth, msmtp inaikubali ila kuiseti ni safari nyingine na mi sijaiendea.

La tatu ndo lilinifanya nicheke peke yangu. Nimeshaweka paswedi sahihi, ruhusa sahihi, nikatuma, ikasema cheti cha seva hakifai. Cheti cha Google hakifai? Nikasema hii sasa ni kiburi. Nimebadilisha hapa na pale, nimewasha hotspoti ya simu badala ya ruta, wapi. Dogo wa pale jirani anayeuza kava za simu akapita akaona, akasema "Bro we weka tls_certcheck off, itapita tu." Na kweli ingepita. Ila fikiria umemzuia bodaboda asiulize kitambulisho cha mtu anayempokonya bahasha, si atampa yeyote? Cheti ndo kinahakikisha unaongea na seva yenyewe na sio na mjanja aliyekaa katikati kwenye wai-fai ya hoteli. Nikamwambia mdogo wangu asante, ila hapana. Nikaja kuangalia kona ya skrini kwa bahati tu, tarehe inasoma 2012.

Betri ya bodi imekufa. Ile ya duara, CR2032, inayotunza saa wakati laptopu imezimwa. Betri kubwa ilishakufa siku nyingi kwa hiyo umeme ukikatika mashine inazima hapo hapo, ukiiwasha inarudi miaka ya nyuma, na kama muda huo haijapata intaneti ya kujirekebisha saa, basi inaona vyeti vyote vya leo ni vya baadae, havijaanza kutumika. Kwa hiyo kila siku umeme ukikata mimi nilikuwa nasafiri nyuma bila kujua. Nimenunua betri buku mbili, fundi akafungua, akapuliza vumbi, akaweka, ikakaa sawa. Nalieleza kwa urefu kwa sababu mashine za mtumba mjini hapa zimejaa na nina uhakika siko peke yangu, na ile tarehe mbovu hata kama barua ingepita ingemfikia mteja imeandikwa 2012 ikazama chini kabisa ya kisanduku chake.

Baada ya hapo ikaenda. Nilijitumia mwenyewe barua ya kwanza, simu ikalia mfukoni, nikapiga kelele mpaka mteja wa fotokopi akashtuka.

Ila barua ilifika haina kichwa. Hapa ndo ujue msmtp haitungi barua, inabeba. Ukiipa maneno matupu itapeleka maneno matupu, haitakuuliza "kichwa cha habari kiko wapi". Unatakiwa wewe uandike Subject, uache mstari mmoja mtupu, ndo uandike maneno yako. Huo mstari mtupu ukiusahau maneno yako yanachukuliwa ni sehemu ya kichwa cha barua na barua inafika imevurugika. Na kuhusu kuambatanisha PDF, haiwezi kabisa, na haijifanyi inaweza. Hilo kwa mtu wa biashara ni kasoro, lazima uongeze programu nyingine ya kufunga mzigo. Mi nimeongeza mutt, ambayo ni ya toka 1995 na bado iko imara, nikaiambia itumie msmtp kusafirisha, kwa hiyo proforma inaenda hivi:

mutt -s "Proforma ya tona" -a proforma.pdf -- imeili-ya-mteja < maneno.txt

Zile alama mbili za kutoa kabla ya imeili ya mteja usizisahau, bila hizo inadhani imeili ya mteja nayo ni faili la kuambatanisha, inaanza kulitafuta. Nishalitafuta na mimi.

Halafu ukubwa. Gmail mwisho ni MB 25, lakini usiseme faili langu ni la MB 20 litapita kila mahali. Barua pepe haibebi faili kama lilivyo, inaligeuza kwanza kuwa herufi za kawaida na kwenye kugeuza linavimba kama theluthi moja, kwa hiyo 20 inakuwa kama 27, na seva ya mteja yenye kikomo cha 25 inaweza kuirudisha mlangoni. Mi niliskani TIN, leseni ya biashara na cheti cha kulipa kodi kwa rangi na ubora wa juu utadhani ni picha za harusi, zikarudi. Nikaskani upya kwa nyeusi na nyeupe, MB 2, zikapita na zinasomeka vizuri tu.

Tuje kwenye kilichonifanya niandike yote haya. Ile logi. Kila barua ukituma, msmtp inaandika mstari mmoja kwenye faili la .msmtp.log, saa ngapi, kwenda kwa nani, barua ina ukubwa gani, seva imejibu nini. Ikipokelewa utaona smtpstatus=250 na mwishoni exitcode=EX_OK. Isipopokelewa utaona kosa lenyewe na sababu. Basi. Hakuna kamstari kanakotembea, hakuna "inatuma..." ya milele. 250 maana yake seva ya upande wako imekubali mzigo na kuanzia hapo ni wao wanaohangaika nao. Haimaanishi mteja kaisoma, wala haimaanishi haijaangukia kwenye spamu, na nashukuru haijidai hivyo. Juzi mteja mwingine kaniambia hajapata ankara, nikafungua logi nikamwambia "Dada, imepokelewa na seva saa nane na dakika kumi na saba jana, hebu angalia kwenye spamu." Akaikuta. Kama ningekuwa na kitu hiki ile siku ya tona kumi na mbili ningejua kabla sijafika hata Shekilango.

Ukitaka kuona zaidi kuna --debug, hapo unaona maongezi yote, laptopu yako inasalimia EHLO, inasema barua inatoka kwa nani, inaenda kwa nani, seva inajibu 250, 250, 354 haya lete. Itifaki hii ya SMTP, yaani kanuni za kompyuta kupeana barua, ni ya mwaka 1982, iliandikwa na Jon Postel, mmoja wa waasisi wa intaneti, na bado kompyuta zinaongea hivyo hivyo kwa adabu kama wazee wanasalimiana. Nilikaa naangalia kama robo saa. Ila tahadhari, kwenye hayo maongezi paswedi yako inapita imefunikwa kwa kitambaa chepesi sana, mtu yeyote anaifunua kwa sekunde moja. Usije ukapiga picha ya skrini ukairusha kwenye grupu kuomba msaada.

Kasoro kubwa sasa, na kwa mazingira yetu hii ndo inamnyima nyota. Intaneti ikikatika, bodaboda hasubiri barabara ifunguke. Anakurudishia bahasha mkononi na kusema imeshindikana, kazi kwako. Programu yenyewe haina foleni. Kwa mtu wa nchi ambayo umeme haukatiki labda sawa, ila sisi? Dawa ipo, na wenyewe wanaitoa pamoja na programu, kaskripti kanaitwa msmtpq, kanakuja kwenye folda ya pembeni lakini hakajiwashi, mpaka ukatoe huko ukaweke mahali pake. Hako kanajaribu kutuma, kakiona njia hamna kanaiweka barua kwenye folda, na baadae ukiandika msmtp-queue -r zinatoka zote zilizokuwa kwenye foleni. Unatengeneza folda ya foleni mwenyewe na unaifunga kwa ruhusa ya 700, nayo imekaa kimlinzi mlinzi kama ile ya mwanzo. Mi nimeiweka kwenye cron, kipanga ratiba cha Linux, kila baada ya robo saa inajaribu kusukuma foleni. Wiki iliyopita intaneti imekata mchana mpaka jioni, barua nne zikawa zimekaa, ilivyorudi zikaondoka zenyewe mi nikiwa nahesabu riboni. Lakini hii ilitakiwa iwe ndani ya programu toka mwanzo, sio mtu aitafute pembeni. Kwa kulinganisha nullmailer, programu nyingine ya kazi hii hii, ina foleni yake, ila nullmailer inakaa inafanya kazi muda wote kama huduma ya mfumo, na mi nilikuwa sitaki kitu kingine kinachokaa. Kuna na ssmtp ambayo zamani kila mtu alikuwa anaitaja, hiyo siku hizi haina mtu wa kuihudumia vizuri, isikupotezee muda.

Kingine, nina imeili ya biashara yenye jina la duka, ya .co.tz, nimehost kwa kampuni moja ya hapa hapa ambayo sitaitaja. Wao wananiambia tumia poti 465, yaani namba ya njia ya kuingilia kwenye seva. Nikaweka 465, msmtp ikaganda, haisemi kitu, imekodoa macho. Nikawapigia, kijana wa huduma kwa wateja akaniambia "Tunalifanyia kazi mheshimiwa", wiki ikapita. Kumbe kosa ni langu, kwenye 587 maongezi yanaanza kwa uwazi halafu ndo wanafunga mlango watu wasisikie, kwenye 465 mlango unafungwa toka mwanzo, kwa hiyo unatakiwa uongeze tls_starttls off, la sivyo kila upande unamsubiri mwenzake aanze. Nikaongeza. Likaja la cheti, na safari hii sio saa. Waliniambia seva ni mail. halafu jina langu, lakini cheti chao kimeandikwa jina lao wenyewe. Hapa msmtp ina kitu kizuri sana:

msmtp --serverinfo --host=jina-la-seva --port=465 --tls=on --tls-starttls=off --tls-certcheck=off

Hiyo haitumi chochote wala haitoi paswedi, inaenda tu kubisha hodi na kukuonyesha cheti kimeandikwa nini na seva inakubali nini, kwa hiyo hapo tu kuzima ukaguzi hakuna ubaya, huna bahasha mkononi. Nikaona jina halisi la seva yao, nikaliweka kwenye host, ikapita na ukaguzi ukiwa umewashwa. Yule kijana bado analifanyia kazi nadhani.

Ukiwa na akaunti mbili kwenye faili moja hakuna shida, unachagua kwa -a, au inachagua yenyewe kufuata imeili uliyoandika kwenye From ukiiambia ifanye hivyo. Jambo moja, usitume barua ya .co.tz kupitia seva ya Gmail kwa kulazimisha, itaishia spamu, kila jina litoke kwenye mlango wake. Na Gmail inajiwekea yenyewe kopi kwenye zilizotumwa, hiyo ya .co.tz haifanyi hivyo, kwa hiyo mi kila barua najiwekea Bcc, ile kopi ya siri.

Paswedi nimeshaitoa kwenye faili pia, nimeifunga kwa gpg, programu ya kufungia siri, na kwenye .msmtprc badala ya password nimeweka passwordeval na amri ya kuifungua. Inapendeza mpaka pale cron inapotaka kutuma usiku na gpg inamuuliza nani neno la siri, hakuna mtu. Nikakubaliana na nafsi yangu, akaunti ya .co.tz ndo inatuma za usiku kwa hiyo paswedi yake imebaki wazi kwenye faili lililofungwa 600, ya Gmail iko kwenye gpg. Sio kamili, najua.

Nyota nne. Ya tano ninamnyima kwa ajili ya foleni, sio kwa ajili ya skrini nyeusi, maana skrini nyeusi ndo inayofanya mashine yangu ipumue. Kama huna haja ya kutuma mafaili kwa utaratibu kila siku, baki na simu yako, hutapata faida yoyote hapa. Kama unatuma barua mia tano na kuendelea kwa siku nayo usijaribu kwa Gmail ya bure, 500 ndo kikomo chao, na huko ni biashara nyingine kabisa.

Dukani ninakaa na shemeji, mdogo wa mke wangu, yeye kompyuta anajua Word na Excel basi. Nikamtengenezea kaskripti kanaitwa tuma, anaandika tuma, jina la faili, imeili ya mteja, anabonyeza enta. Siku ya kwanza akabonyeza, skrini ikarudi kimya kama hakuna kilichotokea. Akakaa anaiangalia. "Shemeji, mbona haijasema kitu?" Nikamwambia ndo imeenda hivyo, ikinyamaza imeenda, ikiongea ujue kuna shida. Hakuridhika. Akaniambia mtu ukimtuma akirudi si anasema nimefika? Nikaongeza mstari mmoja kwenye skripti, ikimaliza inamsomea ule mstari wa mwisho wa logi. Sasa kila akituma anasoma kwa sauti, "mia mbili hamsini", na wateja waliopo dukani wanadhani anataja bei ya fotokopi.